Siku Tatu za Nyoka

Wadogo zangu wa kituo,

Espérance mwenzenu ndiye aliyeniomba niandike. Siku ya kuniaga, mliponinunulia keki yenye picha ya mjusi, alisema nikiondoka bila kuandika mtabaki na fimbo yangu bila kujua inashikwa wapi. Nimekubali kwa masharti mawili. La kwanza, sitaandika habari za vyeo, kwa kuwa nilichopata ni kidogo na mke wangu anakijua chote. La pili, sitamficha mtu aliyeumia kwa sababu yangu. Mama Zaina wa Gatumba alipoteza jicho la kushoto kwa sababu alifanya sawasawa kama nilivyomwambia kwenye simu. Nilikwenda kumwona hospitalini mara moja, nikakaa kwenye benchi dakika chache, nikaondoka bila kusema nilichokwenda kusema. Tangu hapo sijamtembelea, na miaka inapita. Mtakaposoma habari za kenge na mijusi, jueni huko ndiko ninakoelekea, na bado naogopa kufika.

Nilianza kazi nikiwa kijana wa Buyenzi, fundi baiskeli ambaye wateja walikuwa wanamkimbia. Nilisikia hifadhi ya mdomo wa Rusizi inatafuta walinzi. Nikafikiri nitapewa kofia, filimbi na kivuli cha kukaa. Badala yake nilikabidhiwa kwa Mzee Rajabu, mtu mfupi, mpole, mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso, aliyekuwa akishughulika na vyote vitambaavyo. Hakuniuliza jina. Alinipa sahani ya bati na kijiti, na ndani ya sahani kulikuwa na kitu kikavu cha kijivu kama chokaa iliyochanganyika na nywele.

"Nini hii, mzee?"

"Chakula ya nyoka, ya wiki iliyopita. Chambua."

"Mi nilikuja kulinda."

"Ndiyo, unalinda. Lakini utalinda nini kama haujui inakula nini?"

Nikachambua. Kutoka kwenye yale mavi nilitoa manyoya, kucha, na mataya madogo ya panya yenye meno ya njano, mengi kuliko nilivyotarajia. Mzee Rajabu aliyapanga kwenye kipande cha gazeti, akanionyesha mashamba ya mahindi upande wa pili wa uzio, akasema hawa wote walikuwa njiani kwenda kule. Hakuongeza neno. Jioni mke wangu, ambaye wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa nimemwoa, aliniuliza kazi ikoje. Nilipomweleza alinipa sabuni na ndoo, akaniambia nisiingie kwanza.

Mwezi wa pili kazini nilifanya kosa langu la kwanza, nalo lilikuwa kosa la huruma. Tulikuwa ukingoni mwa mto, nikamwona kenge amefukua mchanga anakula mayai ya mamba, yai baada ya yai, kwa utulivu wa mtu aliyekaa mkahawani. Nikachukua jiwe nikamrushia. Akaingia majini. Nilijiona shujaa aliyeokoa watoto wa watu.

Mzee Rajabu alikaa chini kwanza. Ndivyo alivyokuwa akikasirika, alikuwa anakaa. "Unahurumia mamba," akasema. "Muzuri. Sasa nenda kwa wavuvi, uwaambie mwaka huu mamba wote watazaliwa, sababu kenge amekatazwa."

Baadaye, hasira ilipopoa, alinieleza mambo ambayo tangu hapo nimewaeleza watoto wa shule hadi wengine wakasinzia. Kenge hula mayai, mamba wakabaki kwa kiasi ambacho mto unaweza kuwalisha. Mamba naye akikua humla kenge, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Tai humchukua nyoka, nyoka humchukua panya na chura, mjusi humchukua mchwa na mbu. Ukimtoa mmoja, anayefurahi si wewe, ni yule aliyekuwa akiliwa. Mzee hakusoma mambo hayo mahali popote. Aliyapata kwenye sahani ya bati.

Mijusi niliwajulia ofisini kuliko porini. Wale wadogo weupe wa ukutani, ambao tangu zamani Waswahili tunawaita mijusi kafiri, sijui nani aliwauliza dini yao, walikuwa wamejaa kwenye chumba chetu cha kuandikia. Mkuu mmoja mpya aliamuru wafagiliwe wote. Tukawafagia. Wiki mbili baadaye mkuu huyo alikuwa anapiga makofi hewani mchana kutwa kwa ajili ya mbu, na Mzee Rajabu, mtu wa swala tano, alinituma kimya kimya na kopo nikawarudishe. Nje, juu ya ukuta wa lango, alikaa mjusi mkubwa mwenye kichwa cha buluu. Tulimwita Chef, yaani mkuu, kwa sababu aliitikia kila jambo kwa kichwa na hakufanya lolote. Nilimsingizia, kwani siafu waliokuwa wakiingia stoo ya mahindi ya bata wa kituo alikuwa akiwamaliza yeye. Alipokufa hatukumwambia mkuu kwamba tulimpa kaburi.

Sasa vifaa, maana Espérance amenikumbusha. Fimbo yangu ni nondo nyembamba niliyoikunja mwenyewe, ule ufundi wa baiskeli ulifaa kwa jambo moja. Haishikwi mbali sana wala karibu sana. Mkono wa kulia uwe usawa wa kitovu chako. Nyoka humnyanyui kwa shingo, humbani. Unampitishia kulabu chini ya theluthi ya mbele ya mwili wake na kumwacha ajione anapanda tawi. Mifuko ni foronya za pamba zilizoshonwa mara mbili, na mke wangu ndiye aliyezishona zote, akilalamika kwamba wanawake wenzake wanashonea wajukuu. Ndoo iwe na kifuniko cha kuzungusha. Miwani ni ya wachomeleaji, nunueni Cibitoke kwa mafundi wa mageti, msinunue ya plastiki laini. Na maji safi, chupa mbili, kila safari, hata mkiambiwa nyoka mwenyewe ni wa kuchezea watoto. Maji ni kwa ajili ya macho. Swila, yule nyoka atemaye sumu, akikutemea, unaosha, unaendelea kuosha mpaka unachoka, halafu unaosha tena. Husugui wala hupaki dawa ya mti. Hili nimelipigia mstari mara mbili kwenye karatasi yangu, na mtajua sababu.

Simu zilipoanza kutujia kutoka mjini, au tuseme watu, kwa kuwa wakati ule mtu alikuja mwenyewe kwa baiskeli akihema, ndipo nilipoiona njia ya Mzee Rajabu. Nyinyi wengine mmekulia Kanisani, basi niwaeleze. Kwetu Waislamu kuna desturi ya zamani kwamba nyoka akionekana ndani ya nyumba hauawi papo hapo. Anaonywa kwanza, siku tatu, kwa sababu hujui kama ni nyoka au ni mwingine aliyevaa umbo hilo. Unamwambia: umeonekana, nyumba hii ina wenyewe, tunakuomba uondoke. Akikataa siku zikiisha, hapo tena lawama si yako.

Mzee Rajabu aliichukua desturi hiyo akaitia kazini. Niliiona mara ya kwanza kwa seremala mmoja wa Cibitoke ambaye alikuwa na nyoka nyuma ya mbao zake. Wanagenzi wameshika mapanga, majirani wameleta mafuta ya taa. Mzee aliingia na kanzu yake, akaamkia watu mmoja mmoja, akauliza kama kuna mtu amemwonya. Hakuna. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Basi mutaua mugeni bila kumuambia? Siku tatu. Mumuambie asubuhi na jioni. Mapanga muweke chini."

Wakaweka. Na seremala alikuwa Mkatoliki. Mzee alisema kungoja hakuna dini. Halafu, palepale, siku ileile ya kwanza, akavua kanzu, akaingia nyuma ya mbao na tochi, akamwona nyoka kwa macho yake, akamjua ni nani na amefuata nini. Alikuwa nyoka wa nyumba, wa rangi ya udongo, asiye na sumu, aliyefuata panya waliofuata mabaki ya chakula cha wanagenzi. Tulimwondoa kesho yake, seremala akaanza kufagia, na mambo yakaisha. Njiani aliniambia neno ambalo nililisikia vizuri na kulisahau vizuri: siku tatu si za nyoka, ni zetu sisi, za kufika. Ya kwanza ni ya kuona. Hujaona, hujasema.

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Kibenga tuliitwa na bibi mmoja mwenye nyumba ya kando ya ziwa, akasema kuna jitu jeusi linalala kwenye mtumbwi wake wa injini. Alikuwa swila wa maji, yule mwenye pete shingoni, ambaye hula samaki, na wavuvi wetu humtoa wavuni kwa mikono huku wakizungumza habari za mpira. Sumu anayo, kali, hamu ya kuitumia hana. Tulimtoa. Bibi yule alipiga simu ya ofisini siku nne mfululizo kuuliza kama nyoka amefika salama, na kama ana familia. Nilimpenda sana kwa hilo. Watu huwaogopa nyoka kwa kuwa hawajawahi kuombwa wawahurumie.

Mzee Rajabu alifariki kitandani kwake, amezungukwa na binti zake, na hakuna nyoka aliyehusika, ingawa mtaa mzima wa Buyenzi ulitaka awepo. Aliniachia miwani yake. Nililia siku ile mbele ya watu na sikuona haya. Kila nilichokuwa nacho kichwani alikiweka yeye.

Halafu nikawa mimi ndiye Mzee. Simu zikaja mifukoni mwa kila mtu, na namba yangu ikazunguka mji mzima, imeandikwa kwenye milango ya maduka. Simu ni kitu kizuri, inakuambia mambo ukiwa umekaa. Nikaanza kuuliza: rangi gani, urefu gani, kichwa chake kikoje, na mtu akijibu mimi huku nakunywa chai nasema ni fulani. Mara nyingi nilipatia. Watu wakanisifu kwamba Mzee Yusufu anamjua nyoka kwa sauti ya mwenye nyumba. Nikaziamini sifa hizo.

Kisha Rusizi ikajaa, na Gatumba ikawa ziwa. Nyinyi wa zamani mnakumbuka, tulikuwa tunavua suruali kwenda kazini. Watu walihamia kwenye mahema, wengine wakabaki kwenye nyumba zilizokuwa juu kidogo. Nyoka nao walihama, kwa kuwa mashimo yao yalijaa maji kama vyumba vya watu, wakapanda palepale tulipopanda sisi. Simu yangu ililia tangu alfajiri. Siku hiyo nilikuwa Gatumba hiyohiyo, upande mwingine wa barabara, maji yakinifika kiunoni, naondoa chatu kwenye darasa. Mama Zaina alipiga akiwa nyumbani kwake, ana nyoka stoo. Nilikuwa simjui, nilisikia tu sauti ya mwanamke mtaratibu, anaomba radhi kwa kunisumbua.

"Iko mu depo, nyuma ya magunia. Mi naiona mukia tu."

"Rangi gani, mama?"

"Ya giza. Kuko giza, siioni muzuri."

"Ndefu?"

"Si sana."

Nikamwambia ni nyoka wa nyumba. Nikasema, nakumbuka kila neno, huyo ni wa kula panya, hana neno na mtu. Nikamuuliza dini yake, akasema Alhamdulillahi ni Mwislamu. Nikamwambia basi unajua: siku tatu, asubuhi na jioni, simama mlangoni umuonye kwa heshima, mi nitakuja. Akanishukuru. Nikazima simu, nikarudi kwa chatu wangu. Kutoka pale hadi kwake, nilipima baadaye, ni mwendo ambao ningeumaliza kabla chai haijapoa, hata kwa maji yale.

Sikwenda siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi alikwenda mlangoni kama nilivyomwambia, akasogea ili asikike vizuri, kwa sababu mvua ilikuwa inapiga mabati. Akamwamkia. Alikuwa swila, yule mweusi wa kutema, amebanwa kona na maji na hana pa kwenda. Akatema. Maji safi hayakuwepo Gatumba nzima. Majirani walimwosha na maji ya mafuriko, mwingine akaleta majani akakamulia machoni. Barabara ya kwenda hospitali haikupitika mpaka siku ya tatu. Jicho la kulia lilipona. La kushoto liliota ukungu mweupe, na madaktari walifanya walichoweza. Na yeye ni mdarizi. Vile vitambaa vya meza na makochi vya maua ya nyuzi, mnavyoviona Gatumba na hadi Uvira, vingi vimetoka mkononi mwake.

Nilipofika hapa niliacha kuandika. Karatasi zilikaa mezani siku tisa, mke wangu akizisogeza akitandika, akizirudisha. Siku ya kumi alisoma ukurasa wa mwisho, akavaa mtandio wake, akaniuliza ninamsubiri nani wa kunipeleka Gatumba. Nikamwambia nitakwenda peke yangu. Nimekamata koboko wawili maishani mwangu. Wote wawili niliwaendea haraka kuliko nilivyoliendea lango la yule mama.

Alikuwa amekaa barazani na kitambaa mapajani. Alinitambua kabla sijasalimu. Akaitikia salamu, akanionyesha kiti, akaniletea chai na mandazi, na hakuuliza nimekuja kwa jambo gani. Baba Zaina, mumewe, alitoka akaniangalia, akarudi ndani. Nikaona bora niseme kabla mdomo haujajazwa.

"Mama Zaina, siku ile nilikuwa karibu. Ningekuja ningeona ni swila. Jicho yako ilipotea juu yangu mimi. Hospitali nilishindwa kusema."

Alipitisha sindano, akaivuta mpaka mwisho wa uzi.

"Najua," akasema. "Hospitali ulikaa pale kwenye banc, unaangalia viatu yako. Mi nikasema, huyu mutu akimaliza kuangalia viatu atarudi. Viatu yako imekuchukua wakati murefu."

Nililia kidogo, nikajifanya ni mvuke wa chai. Akanipa kitambaa, kisha akakichukua haraka akanipa kingine, kwa kuwa kile cha kwanza kilikuwa kimetobolewa. Akaniletea vingine. Maua mazuri, mekundu na ya rangi ya bahari, na katikati ya kila kimoja tundu lenye kingo za meno madogo. Vitambaa huvitia wanga wa muhogo ili visimame, na panya wanaupenda wanga.

Ndipo akanieleza. Baada ya yeye kutemewa, mtaa uliapa. Maji yalipokauka walitoka vijana kwa wazee, wakaua kila kilichotambaa. Swila yule alikuwa wa kwanza, na simlaumu aliyemuua. Kisha nyoka wa nyumba, nyoka wa majani, mijusi wa ukutani, kenge wa kwenye mtaro, na hata kinyonga mmoja ambaye sijui alimkosea nani. Walifanya hivyo kwa kumpenda yeye. Msimu uliofuata panya walikula mbegu za mahindi kwenye magunia, wakala sabuni, wakala vitambaa. Mtego unakamata mmoja, na paka wa Baba Zaina anawaogopa.

"Kwa hiyo mi nilikuwa nakungojea kwa sababu mbili," akasema. "Ya kwanza umeisha sema. Ya pili, niletee nyoka."

"Nyoka gani, mama?"

"Ile ya kula panya. Ile uliyoniambia kwenye simu. Mi nangoja ile."

Alisema bila kejeli, na bila kuniangalia, akihesabu nyuzi kwa ncha ya sindano. Baba Zaina alitokea mlangoni papo hapo, kumbe alikuwa amesimama nyuma ya pazia muda wote.

"Apana. Nyoka mu nyumba yangu? Na mi nitalala wapi?"

"We unakula panya?" mkewe akamuuliza.

"Apana."

"Basi."

Mnajua mimi ni mstaafu, siruhusiwi kubeba hata mjusi. Nilimpigia Espérance, naye alikuwa na mmoja aliyetolewa kwenye ghala moja la Cibitoke, wa rangi ya udongo, mwenye afya, mpole hata kwake yeye aliyempima. Nilimtaka Espérance aje mwenyewe na siku ile nisitumwe mimi na mfuko. Kwanza, kabla ya nyoka, akaingia depo na tochi na miwani, akakagua kila kona mpaka akaridhika kwamba hakuna mwingine. Akawaonyesha majirani nyoka yule kwenye ndoo, akawaeleza jinsi ya kumtofautisha na swila, na kwamba hawatasikia kamwe kuwa ametema. Mzee mmoja aliyekuwa ameua wengi aliuliza kama anaweza kupata wa kwake. Wengine walibaki na fimbo zao mkononi. Sikuwalaumu.

Basi hapa ndipo niwaambie nilichoitiwa kusema. Nasikia kuna wazo la kuiondoa desturi ya siku tatu kwenye karatasi za kituo kwa sababu ya mkasa huu. Msiiondoe. Imeokoa nyoka wengi na imeokoa watu wengi zaidi, kwa kuwa mtu aliyeumwa mara nyingi ni yule aliyekwenda kumpiga. Lakini mwenye nyumba asiambiwe asimame mlangoni. Afunge mlango, azibe chini kwa kitambaa, aonye akiwa uani ikiwa anataka kuonya. Nanyi mwende siku hiyohiyo. Ukishindwa kwenda, sema huwezi, na usimtaje nyoka usiyemwona. Sifa za kujua kwa simu ziacheni zipite.

Espérance alimfungua nyoka depo wakati wa adhuhuri. Alikaa kidogo kwenye mdomo wa foronya, akaonja hewa kwa ulimi, kisha akaingia nyuma ya magunia bila haraka. Baba Zaina aliuliza kama ameshakula. Tukamwambia ampe nafasi. Espérance akapanda pikipiki akarudi kazini, nami nikainuka nitafute viatu vyangu.

"Keti," Mama Zaina akaniambia. "Bado."

Alileta kopo la bati la sindano na nyuzi zake zilizozungushwa kwenye vibao. Akaniambia kushona anaweza, mkono unajua njia. Kutunga uzi ndiko kumemshinda. Kwa jicho moja, tundu la sindano haliko pale unapoliona, ukipeleka uzi unapita kando. Zaina ndiye aliyekuwa akimtungia, na sasa Zaina ameolewa Uvira. Siku nyingine anakaa na sindano tupu mpaka mtoto wa jirani arudi kutoka shule.

Nikavaa miwani yangu ya kusomea. Macho yangu nayo si ya kujisifia, nikalamba uzi, nikakosa, nikalamba tena. Yeye alingoja, hakunicheka. Nyekundu, ya bahari, ya majani, ya njano. Kila iliyokamilika niliichomeka kwenye kipande cha sponji alichoweka kati yetu, mikia ya nyuzi ikining'inia. Aliniuliza habari za mke wangu, nikamwambia ndiye anayeshona mifuko ya nyoka, akasema angependa kuona mshono huo. Nilitunga mpaka adhana ya alasiri ikasikika, na kopo likabaki na sindano moja.

Niliinyooshea mkono. Akaiwahi yeye.

"Hii nitatunga mwenyewe," akasema. "We angalia tu."

Akainyanyua kwenye mwanga, akageuza uso upande ili jicho la kulia liwe mbele, na uzi mweupe katikati ya vidole viwili.

Nikaangalia.